Kiherehere na Friji Ishirini na Tatu

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Madaktari, wauguzi, walinzi wa getini, hata wagonjwa waliolazwa siku nyingi, wote walimwita Kiherehere, naye aliitika bila kununa. Alikuwa fundi wa friji, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mwembamba, mwenye hatua za haraka na bisibisi mfukoni saa zote. Ukimpa kiti alikaa upande upande kama mtu aliyepita kuaga. Mumewe, fundi cherehani mpole asiyejua haraka ni nini, alizoea kuwaambia wateja wake, "Mke wangu anakula amesimama. Nikimwambia kaa, ananiuliza kwani kuna nini."

Lakini kiherehere chenyewe kilikuwa na sababu zake. Hospitali ile ilijengwa kwa awamu, juu ya mteremko, majengo kumi na moja yaliyotupwa huku na huku kama aliyeyapanga alikuwa amefumba macho. Ndani yake zilikuwamo friji ishirini na tatu: za damu, za dawa, za maabara, na ile ya chanjo kwenye kliniki ya mama na mtoto, chini kabisa, kupita jengo la kufulia. Kila asubuhi na kila alasiri Kiherehere alizunguka zote, akasoma kipimajoto, akaandika namba kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kati ya mzunguko na mzunguko hakujua lolote, na hiyo saa ya kutojua ndiyo iliyomla roho.

Jumatatu moja alifika kliniki akamkuta Dada Mkuu, muuguzi msimamizi, amesimama mbele ya friji mikono kichwani. Jumamosi mtu alikuwa amechomoa plagi apate pa kuchomeka pasi, akasahau kuirudisha. Jumapili kliniki ilikuwa imefungwa. Ndani ya friji kulikuwa na joto la chumba, na chanjo zote zilikuwa zimeharibika. Nje, kwenye mabenchi, akina mama walikuwa wamejaa tele.

Dada Mkuu alitoka akawatangazia. Wengine waliguna, wengine wakalalamika, wakaanza kufunga watoto migongoni. Mama mmoja mwenye mapacha hakuondoka. Alimfuata Kiherehere mpaka mlangoni, akamuuliza taratibu, bila hasira yoyote, "Sasa nirudi lini?"

Kiherehere hakujua chanjo nyingine zingekuja lini. Angetukanwa ingekuwa nafuu. Swali lile la upole lilimganda kama kupe, akatembea nalo wiki nzima.

Sasa, kwenye stoo ya mafundi kulikuwa na boksi lililoachwa na mradi fulani uliokwisha zamani. Ndani yake vilikuwamo vifaa sitini, kila kimoja ukubwa wa kiberiti: kipimajoto kidogo, redio ndogo ya kurushia habari, na nafasi ya betri mbili nyembamba. Watu walivipita kila siku. Kiherehere alivipita pia, mpaka Ijumaa ya wiki ile, alipokalia ndoo iliyogeuzwa na kusoma kijitabu cha maelekezo kilichokuja navyo mwanzo hadi mwisho. Akaelewa mambo mawili. La kwanza, vidude vile viliweza kupima joto la friji na kulisema. La pili, havikuwa na mtu wa kumwambia. Redio zake zilifika jengo la jirani tu, basi, na kumbukumbu yake ilikuwa finyu kiasi kwamba picha moja ya simu isingeingia hata robo. Mtandao wa intaneti uliingia hospitalini kwa waya mmoja tu, uliokomea masjala, chumba cha mafaili.

Yeye alitaka kila kidude kiwe na anwani yake kwenye intaneti, kama kompyuta za wakubwa. Alitaka popote alipo, awe sokoni au kwenye harusi, aweze kutoa simu na kuuliza, wewe wa kliniki, hali gani? Na kimjibu.

Alipanda kwa mganga mkuu.

"Kiherehere," mganga mkuu alisema bila kuinua macho kwenye makaratasi, "wewe ni fundi wa friji au wa roketi?"

"Wa friji, daktari. Lakini friji zetu ni mabubu."

"Na karatasi za mlangoni?"

"Nitaendelea kuandika."

Mganga mkuu alimtazama kidogo. Yale ya Jumatatu alikuwa ameyasikia. "Wiki mbili," akasema. "Na usining'inize nyaya kwenye wodi zangu."

Kiherehere hakuwa amesomea kompyuta. Alijifunza kwenye simu, akisoma anatembea, akiwaandikia watu asiowajua wa nchi asizozijua, nao wakimjibu, wengine kwa kejeli, wengine kwa wema wa ajabu. Nusu ya meza ya kukatia nguo ya mumewe ilijaa vidude na vipande vya risasi ya kulehemu. Mume alisogeza vitambaa vyake bila neno, isipokuwa siku moja bibi harusi alipokuta betri ndani ya pindo la gauni lake.

Mwishowe alivifunga: kimoja katika kila friji, na kimoja cha ziada kwenye dirisha la chumba cha kufulia. Kule kwa madobi hakukuwa na friji. Kile cha dirishani kilikaa kwa kazi moja tu, ya kupokea habari za kliniki na kuzipasa mbele, maana kliniki ilikuwa bondeni na hakuna mwingine aliyeisikia. Hivyo ndivyo vyote vilivyofanya: kila kimoja kilimnong'oneza jirani yake, jirani akampasia mwingine, mpaka habari ikafika kwenye kisanduku alichokiweka masjala, nacho kikaitoa kwenye intaneti.

Siku ya kwanza alisimama uani, simu mkononi, akaona namba ishirini na tatu zimejipanga. Hakuamini. Alikimbia friji moja hadi nyingine akilinganisha. Kliniki, nne kwa nne. Benki ya damu, tano kwa tano. Walinzi walimwona akicheka peke yake, wakajua leo kimezidi.

Siku ya tisa kile cha kufulia kilizimika. Siku ya kumi kikafuata cha wodi ya wazazi, kisha cha famasi. Betri mpya kabisa, zilizotakiwa kukaa zaidi ya mwaka, zilikuwa zimekauka kama maganda. Na waliokufa kwanza walikuwa wale waliobeba mizigo ya wenzao.

"Betri za tochi yangu zinakaa miezi mitatu," mganga mkuu alisema. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma Kiherehere. "Nakuongezea mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, turudi kwenye karatasi zetu."

Alihamia masjala. Asubuhi alimaliza mzunguko wake mbio mbio, kisha akakaa sakafuni kando ya kisanduku, kompyuta mapajani, akisoma kila kilichoingia. Mwenye chumba hakufurahi. Alikuwa karani mkongwe aliyestaafu na kurudishwa kwa mkataba, mtu wa tai na kalamu ya wino, aliyependa chumba chake kiwe kimya. Ujanani alikuwa mpokea simu za maandishi posta, zile zilizolipiwa kwa neno, na mpaka leo akimaliza kusema alitamka "nukta." Basi wote walimwita Bwana Nukta.

"Mama, unanipumulia mafaili," alisema siku ya tatu. "Una shida gani? Nukta."

Kiherehere alimweleza, nusu akijieleza mwenyewe. Bwana Nukta alisikiliza huku akipanga kadi.

"Hebu nisomee barua moja. Neno kwa neno, kama ilivyokuja."

Akamsomea. Ilianza anwani ya mpelekaji, ndefu, namba na herufi zisizokwisha. Ikafuata anwani ya mpokeaji, ndefu vilevile. Kisha maelezo ya namna ya kuisafirisha, kisha mihuri ya siri ili mtu asiichezee. Bwana Nukta alianza kugonga meza kwa kidole.

"Na habari yenyewe?"

"Nyuzi nne."

"Basi?"

"Basi."

Bwana Nukta alicheka mpaka akavua miwani. "Bahasha kama gunia, ndani punje ya mchele! Mimi mkuu wangu wa kazi angenifukuza siku hiyohiyo." Akajifuta macho. "Na hii inaingia kwenye redio yako kwa mkupuo mmoja?"

Hilo Kiherehere hakuwa ameliangalia. Alirudi kwenye kijitabu. Redio ilibeba herufi mia moja ishirini na saba kwa mkupuo, zaidi ya hapo haiwezi. Akajumlisha anwani, maelezo na mihuri. Ilizidi. Kumbe kila barua ilikatwa vipande viwili, na kipande kimoja kikipotea njiani vyote viwili vilirudiwa, tena na tena. Vidude vyake vilikuwa vinapiga kelele mchana kutwa, na vikishasema vilikaa macho vikisubiri kujibiwa. Si ajabu vilikufa.

"Enzi zetu," Bwana Nukta aliendelea, sasa amekolea, "mfanyabiashara mwenye jina refu na sanduku la posta na mtaa na ghorofa hakuandika yote hayo. Alisajili neno moja. Neno moja tu! Sisi tulikuwa na daftari. Simu ikiingia, unafungua daftari, unajua ni nani na anakaa wapi. Sasa hizo anwani zako hapa nani hazijui?"

"Zinajulikana na wote. Ni zilezile kila mara."

"Sasa mnaandikiana ya nini? Nukta."

Kiherehere aliinuka akasahau kuaga. Alipouliza wale watu wake wa mbali, walimwambia mbona jambo hilo lipo siku nyingi, limeandikwa na wataalamu, lina kanuni zake: kidude kinasema kwa kifupi, na kisanduku kama kile cha masjala kinairudisha anwani nzima kabla barua haijatoka kwenda duniani. Kwa nini hakuuliza mapema? Kwa sababu hakujua kuwa hilo ni swali.

Shida ilikuwa nafasi. Programu ya kufupisha haikutosha kwenye kumbukumbu ile finyu. Aliipunguza huku, akaibana kule, ikazidi kwa kiasi cha sentensi moja. Siku mbili alizunguka na hiyo sentensi kichwani, akapita watu bila salamu. Mwishowe alifuta maelekezo ya taa ya kijani, kataa kadogo kalikomkonyeza kila kidude kikiwa hai. Alikapenda. Akakafuta. Programu ikaingia.

Sasa barua ilienda kwa mkupuo mmoja na nafasi ikabaki. Kila kidude kililala, kikaamka baada ya dakika kumi, kikasema neno lake, kikalala tena. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya sita. Betri zilikuwa kama zilizotoka dukani jana. Mganga mkuu hakutoa pongezi. Ila asubuhi moja alimsimamisha Kiherehere koridoni, akauliza, "Benki ya damu inasoma ngapi sasa hivi?" Alipojibiwa "tano," alienda mwenyewe kuchungulia, akarudi akimpita, akaitikia kwa kichwa mara moja.

Ungedhani sasa atatulia. Wapi! Zamani hofu yake ilikuwa na saa zake, asubuhi na alasiri. Sasa ilikuja kila dakika kumi. Alitazama simu jikoni, alitazama simu akivuka barabara. "Zamani ulikula umesimama," mumewe alimwambia. "Siku hizi unakula na friji ishirini na tatu mezani, na mimi sijui hata niwakaribishe vipi."

Mama yake mzazi aliishi mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi. Kwa miaka miwili macho yalikuwa yamemfifia, ukungu juu ya ukungu, na hatimaye akapata nafasi ya upasuaji. Kiherehere aliomba likizo, ya kwanza baada ya miaka mitatu. Jicho la kulia lilipasuliwa Jumanne, likafungwa bandeji, mama akaambiwa arudi Alhamisi saa tatu asubuhi afunguliwe.

"Nataka nikifunguliwa nikuone wewe kwanza," mama alisema, akimpapasa uso. "Hawa wengine nitawaona baadaye, hawana haraka."

"Nitakuwepo, mama."

Jumatano saa sita mchana, mistari miwili kwenye simu ilibaki mitupu. Kufulia, kimya. Kliniki, kimya. Alisubiri dakika kumi. Akasubiri kumi nyingine, mguu ukipiga sakafu. Alimpigia Dada Mkuu, simu haikupokelewa; Jumatano mchana kliniki hufungwa na wauguzi huenda kutembelea wazazi majumbani. Alimpigia mlinzi. Mlinzi alishuka mpaka kliniki, akarudi kusema mlango umefungwa na ufunguo anao Dada Mkuu.

Akili ilimwambia, ni kile cha kufulia kimekufa, na kliniki imekosa mpasiaji tu. Akili ilisema kweli. Lakini nyuma ya ule ukimya friji inaweza kuwa nne, na inaweza kuwa kumi na nne, na yeye hana njia ya kujua. Alimwona yule mama wa mapacha amesimama mlangoni. Saa saba alikuwa kwenye basi, akijiambia kesho atarudi na basi la kwanza.

Alifika saa kumi na moja jioni, akamkuta Dada Mkuu ndiyo kwanza amerejea. Wakafungua. Nyuzi nne. Friji inanguruma kwa raha zake. Kiherehere aliegemea ukuta, kisha akapanda mbio kwa madobi.

Kwenye dirisha hakukuwa na kitu. Mkuu wa madobi, mwanamke mnene mwenye mikono iliyochujuka kwa sabuni, alimpeleka kwenye kabati la chuma, akavuta droo. Kidude kilikuwa kimeviringishwa ndani ya mfuko wa nailoni, kikafungwa kwa uzi, vizuri kama zawadi.

"Kulikuwa kunarukia maji pale dirishani," alisema. "Nikaona kisilowe. Kimeharibika?"

"Hapana. Ndani ya chuma hakisikiki, ndiyo hivyo tu."

"Sasa mbona hukuniambia ni kitu gani? Miezi yote hii unaingia humu unakichungulia, unatoka. Mimi nilidhani kinahesabu mashuka tunayoiba!" Alicheka, lakini uso wa mwenzake ulimnyamazisha. "Ungeniambia, ningekilinda."

Kiherehere alivijua vidude vyote ishirini na nne, umri wa betri zake, nani anamsikia nani. Watu wa vyumba vilimokaa hakuwahi kuwaambia hata neno moja.

Basi la kwanza asubuhi lilichelewa kuondoka. Alifika hospitali ya macho saa nne na nusu, akaambiwa mama yake amekwisha funguliwa, ameondoka na jirani. Alimkuta nyumbani, amekaa kitandani, mikono mapajani, akitazama ukuta kama mtu anayesoma gazeti.

"Nimemwona jirani kwanza," mama alisema. "Kumbe amezeeka vile, maskini."

"Nisamehe, mama."

"Friji ilikuwa nzima?"

"Nzima."

"Sasa ulienda kufanya nini?"

Kiherehere alipiga magoti pale sakafuni, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake. Alieleza mambo ya kabati la chuma na mfuko wa nailoni, yakatoka ovyo ovyo. Kisha mama akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama kwa lile jicho jipya, kwa muda mrefu sana.

"Umekonda," alisema. "Shingo imebaki mishipa. Miaka miwili nakuuliza kwa simu, u hali gani, unaniambia mzima. Na mimi nikaamini sauti."

Aliporudi kazini alifanya mambo mawili. Aliongeza kidude kingine kwenye jiko la hospitali, ili kliniki iwe na njia mbili za kupitishia habari. Hilo lilimchukua mchana mmoja. La pili lilimchukua wiki tatu: alizunguka chumba kwa chumba, akaketi na watu. Aliketi kweli, kitako chote. Aliwaonyesha kidude, akawaambia kinasema nini na kinamwambia nani, na kwamba kisiwekwe kwenye chuma wala kuzibwa. Namba za friji zikaanza kuingia pia kwenye simu ya Dada Mkuu, ya mtu wa maabara na ya mkuu wa madobi, ambaye tangu siku hiyo alisoma joto la kliniki kwa sauti mara tatu kwa siku, watu wasikie, watake wasitake.

Miezi ikapita. Jicho la pili la mama lilipopasuliwa likapona, alikuja kukaa kwa mtoto wake mwezi mmoja. Alasiri moja ya Jumapili mume alikuwa kwenye cherehani anamalizia shati, mama yuko mlangoni anachagua maharage, punje kwa punje, akifurahia tu kuziona. Simu ikalia. Benki ya damu, saba.

Kiherehere alisimama. Damu haitakiwi ipite sita. Alimpigia mtu wa maabara, simu inatumika. Dakika kumi zikapita kama saa nzima. Nane. Akavaa kiatu kimoja, akaanza kutafuta cha pili chini ya meza, kati ya vipande vya vitambaa. Simu ikalia tena akiwa bado anakitafuta. Saba. Akakaa palepale sakafuni mpaka namba nyingine ilipoingia. Sita.

Kuna mtu alikuwa amefika. Baadaye angeambiwa kwamba mfuko wa damu ulizuia mlango usifunge vizuri, na mtu wa maabara aliona namba akiwa ameshafika getini kuondoka, akarudi. Ila wakati ule hakujua ni nani. Alijua tu kwamba kazi imefanyika na yeye hakuwepo, na mwili wake haukujua upeleke wapi ile haraka yote.

Alisimama mlangoni, mguu mmoja na kiatu, mwingine peku. Mama aliinua macho kwenye sinia.

"Unatoka au umerudi?"

"Bado sijajua, mama," alisema, akaitazama barabara, kisha simu, kisha barabara tena.